Nimekabidhiwa usalama wa mionzi wa chuo kizima pamoja na hospitali yake: nianzie wapi?

Mrithi_wa_Faili

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekabidhiwa kazi ya afisa usalama wa mionzi katika taasisi kubwa ya umma, chuo kikuu chenye hospitali ya kufundishia. Aliyekuwepo amestaafu. Nilichokuta ni leseni, kabati la mafaili, vipima mionzi viwili (cheti cha ulinganishaji cha kimoja kimeshapitwa na muda) na orodha ya vyanzo vya mionzi iliyopigwa taipu. Nimetokea fizikia ya tiba, kwa hiyo vyumba vya eksirei na tiba ya nyuklia si vigeni kwangu. Kinachonisumbua ni maabara za utafiti. Zinapita arobaini, kila moja na profesa wake na ufunguo wake.

Naomba mnisaidie hapa:

1. Wiki za mwanzo nishike nini na niache nini?
2. Beji za kupimia mionzi za madaktari wa chumba cha kathita (cha kupitisha mirija kwenye mishipa hadi moyoni) zimerudi sifuri robo tatu mfululizo. Hawa ni watu wanaosimama kwenye fluoroskopi (eksirei ya picha mfululizo) karibu kila siku. Nifurahi au nishtuke?
3. Chumba cha taka kimejaa mifuko, mingine haina hata tarehe. Nakipunguzaje bila kuvunja masharti ya leseni?

---

NusuUhai

Hongera na pole, mkuu. Nitachukua swali la kwanza, hayo mengine wapo wenye nayo.

Kabla hujashika kipima mionzi, shika barua. Mkuu wa taasisi akuandikie, asaini mwenyewe, kwamba una mamlaka ya kusimamisha kazi yoyote ya mionzi papo hapo bila kuomba ruhusa ya mkuu wa idara, na kwamba unaripoti kwake moja kwa moja. Nakala iende kwa kila mkuu wa idara. Bila barua hiyo, siku utakapofunga maabara ya profesa mwenye fedha nyingi za utafiti utabaki unabishana kwenye korido. Hapo hapo ulizia kamati ya usalama wa mionzi. Kama haijakaa kwa mwaka mzima, iitishe. Mkaguzi wa mamlaka ya udhibiti akija, kumbukumbu za vikao vya kamati ni kati ya vitu vya mwanzo atakavyoomba.

Sasa orodha. Hiyo uliyorithi ichukulie kama madai tu, ushahidi bado. Chapisha nakala, tembea nayo, na kila chanzo ukione kwa macho au usome bamba lake: isotopu, namba ya utambulisho, kiasi cha mionzi na tarehe ya rejea, mahali kilipo, nani anashika ufunguo. Piga picha. Ukirudi ofisini kokotoa kiasi kilichobaki leo. Kobalti 60 yenye nusu uhai (muda wa mionzi kupungua nusu) ya miaka 5.27 inaweza kuwa imeshuka sana tangu orodha ilipoandikwa, lakini amerisiamu 241 (miaka 432) na radiamu 226 (miaka 1,600) hazina haraka na mtu yeyote.

Vyanzo visivyokuwa kwenye orodha ndivyo vya kuogopa zaidi. Kwenye chuo kikubwa hujificha sehemu hizi:

Stoo ya kemia na maabara ya hadubini ya elektroni. Humo kuna asetati ya uranili na nitrati ya thoriamu. Zilinunuliwa kama kemikali, zimekaa rafuni kwa mpangilio wa alfabeti, na aliyeziagiza hakuwahi kudhani zinakuhusu wewe.

Mashine za kromatografia ya gesi. Zile zenye kigunduzi cha kunasa elektroni huwa na nikeli 63 ndani, kwa kawaida megabekereli mia chache (bekereli ndiyo kipimo cha kiasi cha mionzi), nyingi ni 370 au 555. Beta yake, yaani chembe inazotoa, ni dhaifu mno, haivuki ukuta wa kigunduzi, kwa hiyo ukiwasha kipima pembeni yake kitanyamaza kabisa. Hapa unatafuta bamba kwa tochi. Mashine ikifutwa kama mali chakavu ikaenda mnadani, chanzo kimeondoka nayo.

Vihesabio vya ung'avu wa kimiminika, vile vya kuhesabia tritiamu na kaboni 14. Ndani yake kuna chanzo kidogo cha ulinganishaji, mara nyingi sesiamu 137, bariamu 133 au uropiamu 152. Wengi husahau kwamba kifaa chenyewe cha kupimia kina mionzi.

Idara za udongo, kilimo na uhandisi ujenzi. Uliza vipima unyevu na msongamano. Vingi vina amerisiamu na beriliamu inayotoa nyutroni, karibu gigabekereli 1.85, na vile vinavyopima msongamano vinaongeza sesiamu 137 kama megabekereli 370. Vinatembea kwenye magari, vinalala kwenye makambi ya mradi. Kwa nyutroni kipima chako cha kawaida hakitakuambia chochote.

Fizikia na jiolojia. Saa na dira za zamani zenye rangi ya radiamu, vyanzo vya kufundishia ambavyo muhuri wake umechoka, mawe yenye urani kwenye droo zisizo na hewa. Ukifungua droo ya namna hiyo iache ipumue kwanza, radoni hujikusanya humo.

Na mashine za kuchunguza fuwele kwa eksirei. Hazina kitu chenye mionzi ndani yake, hivyo husahaulika, ilhali mwale wake mkuu ni mwembamba na mkali kiasi cha kuunguza kidole kwa sekunde chache. Kila ukitembelea, jaribu swichi ya usalama ya mlango mashine ikiwa inafanya kazi: mlango ukifunguka, shata ifunge yenyewe. Mara kwa mara utaikuta imefungwa kwa waya ili mtu apange sampuli kwa urahisi. Ukiikuta hivyo, ndiyo siku ya kuitumia ile barua.

Swali la kukuuliza wewe: hospitali ina mashine ya kuangazia damu, ile ya kupiga damu mionzi kabla mgonjwa hajaongezewa? Kama ipo na ni ya sesiamu, weka kila kitu kingine pembeni uanze nayo.

---

Mrithi_wa_Faili

Ipo, ya sesiamu 137. Iko chumba cha nyuma cha benki ya damu. Kwa maelezo niliyopewa haijatumika muda mrefu, ila umeme wake bado umeunganishwa. Kwa nini ianze?

---

NusuUhai

Kwa sababu chanzo kilichoacha kutumika ndicho huanza kusahaulika. Wataalamu wake huhamishwa, kamera ya ulinzi ikiharibika hakuna anayeripoti, chumba kinageuzwa stoo ya viti.

Goiânia, Brazili, mwaka 1987 ilianza hivyo. Kliniki ya tibamionzi ilihama jengo ikaacha mashine yenye sesiamu 137 ya karibu terabekereli 50.9. Watu wakaing'oa kuuza vyuma chakavu, kapsuli ikatobolewa, na kwa kuwa sesiamu ile ilikuwa chumvi ya unga iliyotawanyika kirahisi, ikasambaa kwenye nyumba na mikononi mwa watu. Wanne walifariki na zaidi ya watu 112,000 walilazimika kupimwa. Mashine nyingi za kuangazia damu zina chumvi hiyo hiyo ya kloridi ya sesiamu, na kwa kawaida huangukia daraja la juu kabisa la hatari katika madaraja matano ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki.

Fanya haya wiki hii, usisubiri kamati. Badilisha kitasa, na orodha ya wenye ruhusa ya kuingia isizidi watu unaowajua kwa sura. Jaribu kengele ya mlango ukiwa na walinzi, uhesabu dakika wanazotumia kufika. Pima kiwango cha mionzi pande zote za mashine na nyuma ya ukuta, uandike. Fanya kipimo cha kupangusa: pamba au karatasi ya chujio kwenye maungio na sehemu zinazofikika za nje, halafu uihesabu. Chanzo chenyewe usikisogelee wala usijaribu kukifungulia. Kikomo kinachotumika zaidi kwa uvujaji ni bekereli 200 kwenye kipande cha kupangusia, na zipo nchi zinazotumia 185. Ukipata zaidi ya hapo, funga chumba na piga simu kwa mdhibiti siku hiyo hiyo.

Kisha anza mazungumzo ya kuirudisha kwa mtengenezaji au kuipeleka kwenye hifadhi ya taifa. Yatachukua muda mrefu na fedha nyingi, kwa hiyo iingize kwenye bajeti sasa. Benki za damu nyingi zimehamia mashine za eksirei kwa kazi hiyo hiyo, hoja yako haitakuwa ngeni kwa wakubwa.

---

BejiKifuani

Swali la pili ni langu. Shtuka, ila kwa hesabu.

Kwenye fluoroskopi, mionzi inayotawanyika kutoka kwa mgonjwa, ukiwa umbali wa mita moja, ni kama sehemu moja ya elfu ya dozi inayoingia kwenye ngozi yake. Ni kadirio la kijumla lakini linatosha. Daktari anayefanya kesi 40 kwa robo mwaka, kila kesi ikimpa mgonjwa nusu grei (kipimo cha dozi) kwenye ngozi, jumla ni grei 20. Moja ya elfu ni miligrei 20 mahali alipo daktari bila kinga, na kwa kawaida anasimama karibu zaidi ya mita moja. Weka kioo chenye madini ya risasi kinachoning'inia kutoka darini, kikitumiwa vizuri kinaweza kupunguza hadi mara kumi. Bado shingoni kwake kuna takriban milisiveti 2 (kwa eksirei, milisiveti moja ni sawa na miligrei moja). Beji ya shingoni, juu ya aproni, haiwezi kusoma sifuri.

Chini ya aproni ya milimita 0.5 za risasi hupita asilimia chache tu, kwa hiyo beji ya huko inaweza kweli kuwa chini ya kiwango ambacho maabara ya beji inaripoti. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwao liwe: beji iliyosoma sifuri inavaliwa wapi? Wanaotumia fluoroskopi kwa wingi wapewe mbili, moja kifuani chini ya aproni na moja kwenye kola nje, zenye rangi tofauti. Zikichanganywa ukokotoaji wote unaharibika, na zitachanganywa, kwa hiyo andika neno NJE kwa kalamu nene kwenye ya kola.

Kama wana ya nje na bado ni sifuri, beji zinakaa kwenye droo. Njia ya kuthibitisha bila kugombana: chukua kumbukumbu za mashine yenyewe, jumla ya muda wa fluoroskopi na dozi kwa kila daktari, weka jedwali moja, safu ya pembeni iwe usomaji wa beji. Mpe kila mmoja mstari wake tu. Daktari wa moyo hubishana na afisa usalama siku nzima, lakini hatabishana na namba iliyotoka kwenye mashine yake.

Halafu waeleze kuhusu jicho. Hadi mwaka 2011 pendekezo la kimataifa kwa lenzi ya jicho lilikuwa milisiveti 150 kwa mwaka. Mwaka huo Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ililishusha hadi 20 kwa wastani wa miaka mitano, mwaka wowote usizidi 50. Ni sawa na kikomo cha mwili mzima. Kwa hesabu ya hapo juu, asiyetumia kioo cha darini anaweza kukimaliza kikomo cha jicho kabla mwaka haujafika nusu huku beji ya chini ya aproni ikionyesha mtu salama kabisa. Nchi yako inaweza kuwa na namba zake, angalia kanuni.

Usomaji wa juu nao una sababu zake za ajabu. Kabla hujaandika ripoti ya tukio uliza: koti lenye beji liliachwa limening'inia ndani ya chumba cha eksirei? Mwenye beji mwenyewe alipimwa kwenye tiba ya nyuklia akaendelea kuivaa akiwa na teknesiamu mwilini? Beji ya ulinganisho, ile inayotakiwa kukaa ofisini mbali na vyanzo, imehifadhiwa wapi? Ikiwekwa karibu na stoo ya isotopu, usomaji wake unatolewa kwenye beji za wote na taasisi nzima inaonekana safi. Hilo la mwisho likague kwanza kabisa, maana linaweza kuwa jibu lako lote.

Kwa wanaovuta dozi kwenye sindano, yaani chumba cha dawa za nyuklia, beji ya kifua haitoshi. Wape pete ya kupimia mionzi. Ivaliwe kwenye shina la kidole cha shahada cha mkono usiotumika sana, jicho la pete likiangalia kiganjani, ndani ya glavu. Ncha ya kidole hupata zaidi ya pete, na kadirio linalotumika sana ni mara sita. Kikomo cha mikono ni milisiveti 500 kwa mwaka. Pete ikisoma 80, tayari uko karibu nacho.

Mjamzito akishatoa taarifa kwa maandishi: beji ya ziada tumboni chini ya aproni, isomwe kila mwezi badala ya kila robo, na kimataifa mtoto asipate zaidi ya milisiveti 1 kwa muda uliobaki. Usimwondoe kazini kwa nguvu kabla hujaangalia dozi zake za nyuma, mara nyingi kupangiwa majukumu upya kunatosha.

---

Sinki_Kavu

La taka. Mifuko isiyo na tarehe usiiguse kwanza. Ipange pembeni, ipime, ipe tarehe ya leo na uichukulie kama imefungwa leo. Utapoteza miezi, lakini hutadanganya.

Kisha tenganisha kwa nusu uhai, usitenganishe kwa maabara. Fungu la kwanza ni saa na siku chache: teknesiamu 99m (saa 6), florini 18 (dakika 110), iodini 131 (siku 8), fosforasi 32 (siku 14.3). La pili ni miezi: iodini 125 (siku 59), salfa 35 (siku 87). La tatu ni zile ambazo wewe utastaafu kabla yake: tritiamu, kaboni 14. Hizi za tatu zisikae kabisa kwenye chumba cha kusubiri kuoza, zitafute njia yake ya leseni mapema. Mfuko mmoja wa fosforasi uliotupiwa kipande cha kaboni 14 unageuka wote kuwa wa fungu la tatu.

Mazoea yanasema subiri nusu uhai kumi. Baada ya kumi hubaki sehemu moja ya 1,024. Kwa fosforasi 32 ni siku 143, kwa iodini 125 ni karibu miezi ishirini. Ila kumi si namba ya miujiza: ukianza na gigabekereli 10, baada ya nusu uhai kumi bado una megabekereli kama 10. Kinachoruhusu mfuko kutoka ni kipimo. Utoe nje ya chumba cha taka, upeleke mahali penye mionzi ya asili tu, bila kinga yoyote kati yake na kipima, uuzungushie kichwa cha kipima polepole juu hadi chini. Ukisoma sawa na mazingira, ng'oa au futa kila alama ya mionzi, andika rejista, ndipo uende kwenye taka za kawaida au za hospitali kulingana na kilichomo. Mfuko wenye alama ya mionzi ukionekana jalalani, hata ukiwa safi kama sahani, simu itapigwa kwako.

Kuna moja linaloshika wengi siku hizi. Luteti 177 ya matibabu ina nusu uhai ya siku 6.65, watu wakaiweka fungu la kwanza. Ila ile inayotengenezwa kwa njia ya moja kwa moja huja na uchafu kidogo wa luteti 177m, wa siku 160. Miezi mitatu imepita na mfuko bado unalia. Muulize msambazaji imetengenezwa kwa njia gani kabla hujanunua.

Jenereta za teknesiamu: molibdeni 99 iliyomo, inayozaa teknesiamu, ni saa 66, kwa hiyo nusu uhai kumi ni kama siku 27.5. Usizivunje kabla hujasoma karatasi ya mtengenezaji, kwani baadhi zina kinga ya urani hafifu badala ya risasi, na hiyo haiozi ng'o. Njia bora ni zirudi zilikotoka.

Kwa vimwagiko, kila maabara iwe na ndoo: glavu, karatasi za kunyonya, mifuko, koleo, klorini ya kufulia kwa ajili ya iodini, na karatasi ya maelekezo. Na bamba la risasi kwenye benchi la fosforasi.

---

Kaunta_Polepole

Mkuu Sinki_Kavu, umeongea vizuri mpaka mistari miwili ya mwisho. Hapo nakurekebisha kabla mtu hajanakili.

Klorini isikaribie iodini. Iodidi kwenye kimiminika imetulia. Klorini inaioksidisha ikawa iodini inayoruka hewani, na aliyekuja kusafisha anaivuta. Asidi nayo inaleta shida hiyo hiyo. Ndoo ya iodini iwe na myeyusho wa thiosalfati ya sodiamu, na kimiminika kibaki upande wa besi (kinyume cha asidi). Nyonya kutoka nje ukielekea katikati, usisugue kwa kuzunguka. Aliyehusika apimwe tezi shingoni kesho yake, hata kama mikono ilionekana safi.

Na fosforasi 32 haikingwi kwa risasi peke yake. Beta yake inafika megaelektroni-volti 1.71. Ikigonga madini mazito huzaa eksirei, yaani umeweka kinga ukatengeneza mionzi mingine. Kwanza akriliki ya sentimita 1, inazisimamisha beta zote. Kama kiasi ni kikubwa, risasi nyembamba iwe upande wa nje wa akriliki, mbali na chupa. Hewani beta hizo zinafika karibu mita 6, kwa hiyo benchi lililoelekea mlangoni halifai. Usichungulie ndani ya chupa iliyo wazi kutoka juu.

---

Sinki_Kavu

Nimekubali yote mawili, asante. Ndoo ya klorini ni ya maabara za vijidudu, nimechanganya. Wasomaji chukueni ya Kaunta_Polepole.

---

Mrithi_wa_Faili

Nimepata vingi. La ziada: vile vipima viwili nilivyonavyo vyote ni vya Geiger, kimoja cha kichwa bapa na kingine cha mrija. Vinatosha? Na nifanyeje ili orodha isiharibike tena baada ya mimi kuisafisha?

---

Kaunta_Polepole

Havitoshi. Kichwa bapa ni kizuri kwa kutafuta uchafuzi wa fosforasi 32, na kwa kaboni 14 na salfa 35 unakamata asilimia chache tu ukikishika kama sentimita moja juu ya meza na kukisogeza sentimita mbili au tatu kwa sekunde. Ukipeperusha mkono kama unafuta vumbi hutaona kitu. Tritiamu haitaonekana kabisa: hapo ni kupangusa eneo la sentimita 100 za mraba na kuhesabu kwenye kimiminika cha ung'avu. Iodini 125 inataka kichwa chembamba cha iodidi ya sodiamu.

Kwa kupima kiwango cha dozi karibu na chanzo kikubwa, tafuta chemba ya ayoni. Mrija wa Geiger kwenye mionzi mikali unaweza kushindwa kuhesabu na sindano ikarudi sifuri, na hapo mtu anaingia akidhani pako salama. Ndiyo maana unakiwasha ukiwa mbali, unakaribia huku ukisoma. Kila asubuhi kabla ya kazi: betri, kebo, kisha chanzo cha majaribio, usomaji uwe ndani ya asilimia 20 ya ule ulioandikwa kwenye kibandiko siku ya ulinganishaji. Ulinganishaji wenyewe ni mara moja kwa mwaka. Chenye cheti kilichokwisha kiondoe mezani kabisa, kisije kikashikwa na mtu ambaye hajui.

---

NusuUhai

La orodha: haiharibiki ikiwa imekaa, huharibika vitu au watu wakihama. Kwa hiyo simama kwenye milango minne.

Ununuzi. Kitengo cha ugavi kisipitishe oda yoyote ya isotopu au mashine ya eksirei bila saini yako, na msaada wa bure kutoka vyuo rafiki upite njia hiyo hiyo. Mashine nyingi huingia kama zawadi.

Upokeaji. Vifurushi vyote vifike mahali pamoja, vipimwe siku hiyo kwenye uso na umbali wa mita moja. Namba kwenye lebo ya njano ni kiwango cha milisiveti kwa saa kwa mita moja, mara 100, ukisoma 0.01 kwa mita moja, lebo iandike 1. Kipimo chako na lebo vikipishana sana, usifungue. Pangusa nje: kwa beta na gama kikomo cha usafirishaji ni bekereli 4 kwa sentimita ya mraba, kwa alfa nyingi 0.4.

Ufutaji wa mali. Hakuna friji, kromatografu wala kabati linalotoka maabara yenye leseni kwenda mnadani bila kibandiko chako cha kupimwa.

Na fomu ya kukabidhi ofisi. Profesa anayestaafu au mwanafunzi wa uzamivu anayemaliza asipate hati ya mwisho mpaka sehemu yako ya fomu isainiwe, maana chupa ya mwaka ule iliyoko nyuma ya friji ni yeye peke yake anayejua ni ya nini. Anza na wanaostaafu mwaka huu. Omba majina yao utumishi, uwatembelee wakiwa bado wana funguo.